Sauti Ndani ya Picha: Historia ya Upachikaji wa Sauti katika Mawimbi ya Video, 1966–2017

Utangulizi

Katika masimulizi mengi ya historia ya televisheni, sauti hutajwa baada ya picha, na mara nyingine haitajwi kabisa. Wanaoandika habari za kuingia kwa rangi, za mfumo wa mistari 625 au za kuzimwa kwa mitambo ya analojia huchukulia kwamba sauti ilifuata nyuma kama tela lifuatavyo trekta. Makala haya yanaupima mtazamo huo kwa kutazama jambo moja la kiufundi lililowashughulisha wahandisi wa utangazaji kwa takribani nusu karne: namna ya kuitia sauti ndani ya mawimbi yaleyale yanayobeba picha, ili viwili hivyo visafiri katika njia moja na kufika pamoja.

Hoja kuu ni mbili. Kwanza, upachikaji wa sauti haukuzaliwa na video ya dijitali kama inavyodhaniwa. Uliitangulia kwa zaidi ya miaka 15, na msukumo wake wa awali ulikuwa gharama za njia za mawasiliano pamoja na hofu ya makosa ya kibinadamu. Ubora wa sauti ulikuja kama faida ya ziada. Pili, kuna kipindi kirefu, hasa katika miaka ya 1990, ambapo picha ilikuwa imekwisha kuwa ya dijitali ilhali sauti nyingi bado ilikuwa ya analojia. Kipindi hicho ndicho kilichozaa kifaa kinachochunguzwa hapa kwa undani zaidi, yaani kadi ya kugeuza sauti ya analojia na kuipachika katika video ya dijitali. Kifaa hicho hakikupata sifa yoyote katika historia, lakini maamuzi yaliyofanywa ndani yake yamo hadi leo katika rekodi zilizohifadhiwa.

Ni vema kueleza mapema kwa nini neno kupachika limeteuliwa. Mkulima hupachika jembe kwenye mpini. Kilichopachikwa hubaki na umbo lake na huweza kuchopolewa. Neno kuchanganya lingepotosha, kwa kuwa kuchanganya ni kazi ya fundi sauti mezani kwake, na kilichokwisha kuchanganywa hakitenganishwi tena. Kupenyeza lina harufu ya hila. Kwa hiyo kifaa kinachoingiza sauti kitaitwa kipachikio, na kile kinachoitoa kitaitwa kichopoleo.

Njia mbili kwa tangazo moja

Hadi katikati ya miaka ya 1960, tangazo la televisheni lilisafiri kutoka studio hadi mtambo wa kurushia kwa njia mbili tofauti. Picha ilipita katika njia pana ya kebo au ya mawimbi madogo ya redio. Sauti ilipita katika laini ya simu ya ubora wa juu, iliyojulikana kwa mafundi wa Uingereza kama laini ya muziki. Njia zote mbili hazikuwa mali ya shirika la utangazaji. BBC ilizikodi kutoka Idara ya Posta ya Uingereza, na kila laini ilikuwa na bei yake, ratiba yake na mahali pake pa kuungwa.

Tatizo halikuwa bei pekee. Laini ya sauti na njia ya picha zilipita katika vituo tofauti, zikaungwa na watu tofauti, wakati mwingine katika majengo tofauti. Kila badiliko la ratiba lilidai kazi mbili zifanyike kwa wakati mmoja. Fundi mmoja akikosea tundu, picha ya idhaa moja iliambatana na sauti ya idhaa nyingine, au picha ilifika ikiwa bubu. Kadiri idhaa zilivyoongezeka ndivyo nafasi ya kukosea ilivyopanuka. BBC ilikuwa imefungua idhaa yake ya pili mwaka 1964 kwa mistari 625, na mwezi Novemba 1969 idhaa yake ya kwanza nayo iliingia katika mistari 625 na rangi. Mtandao wa nchi nzima ulikuwa ukijengwa upya, na ndani ya ujenzi huo lilizuka swali la kama kulikuwa na haja ya kuendelea kulipia njia ya pili.

Wenzao wa sinema walikuwa wamekwisha kulijibu swali hilo kwa namna yao. Tangu mwisho wa miaka ya 1920, filamu yenye sauti ilibeba msitari mwembamba wa mwanga na kivuli kando ya picha, na sauti ikasomwa kutoka katika msitari huo. Hata huko lakini sauti haikukaa sambamba na picha yake. Katika filamu ya milimita 35 iliwekwa takribani fremu 20 mbele, kwa sababu filamu husimama kwa mkupuo mbele ya taa ya kuonyeshea ilhali kisomaji cha sauti kinahitaji filamu inayokwenda kwa mwendo laini. Msomaji aizingatie pengo hilo la fremu 20, maana linaonyesha kuwa hata pale sauti na picha zilipokaa juu ya ukanda mmoja, kuzilinganisha kulihitaji hesabu.

Sauti ndani ya mpigo

Mwaka 1966 Idara ya Utafiti ya BBC ilifanya uchunguzi wa awali kuhusu uwezekano wa kubeba sauti ya televisheni ndani ya muda wa usawazishaji wa picha. Ili kuelewa wazo hilo, sharti kukumbuka namna picha ya televisheni ilivyoundwa. Mwale wa elektroni ulichora picha msitari kwa msitari, kutoka kushoto kwenda kulia. Kila ulipofika ukingoni, ulizimwa na kurudishwa mwanzo. Katika mfumo wa mistari 625, msitari mmoja huchukua mikrosekunde 64, na kati ya hizo takribani 12 ni za marejeo, ambamo hakuna picha. Ndani ya muda huo wa marejeo kuna mpigo wa mikrosekunde 4.7 unaoiambia televisheni kwamba msitari mpya unaanza. Kitakiwacho katika mpigo huo ni ukingo wake tu. Sehemu inayobaki ni nafasi tupu.

Wahandisi wa BBC waliitumia nafasi hiyo tupu. Sauti ilipimwa mara mbili katika kila msitari, yaani mara 31,250 kwa sekunde, na kila kipimo kikaandikwa kwa biti 10. Biti 20 za msitari mmoja zilisubiri kidogo, kisha zikatumbukizwa ndani ya mpigo wa msitari uliofuata, kila biti ikipewa chini ya robo ya mikrosekunde. Kasi hiyo ya upimaji iliruhusu sauti ya hadi kilohezi 14 hivi, iliyotosha kwa televisheni. Kwa kuwa biti 10 peke yake huacha mvumo unaosikika, sauti za juu zilibanwa kabla ya kupimwa na kutanuliwa tena upande wa pili. Upande wa mapokezi, kifaa kilisoma biti, kikarudisha sauti katika analojia, na kikausafisha mpigo ili mtambo wa kurushia upate mawimbi ya kawaida. Mtazamaji nyumbani hakuuona wala kuusikia mchakato huo. Mfumo ulitumika tu kati ya studio na mitambo.

Jambo linalostahili kutiliwa mkazo ni mpangilio wa zama. Mwishoni mwa miaka ya 1960, mfumo huo ulipoanza kujaribiwa na kutumika katika mtandao wa BBC, picha ilikuwa ya analojia kabisa, na sauti ndiyo iliyokuwa ya dijitali. Sauti, ambayo historia huichukulia kama mfuasi, ilitangulia katika dijitali kwa sababu rahisi ya hesabu: biti 10 mara 31,250 ni biti 312,500 kwa sekunde, mzigo ambao vifaa vya wakati huo viliweza kuubeba. Picha ingedai mamia ya mara zaidi ya hapo. Baadaye mfumo huo ulienea katika mtandao wa Eurovision, ambako mashirika ya nchi nyingi yalibadilishana picha na hatari ya sauti kupotelea mpakani ilikuwa kubwa zaidi. Katika miaka ya 1980 uliboreshwa ubebe sauti ya stirio.

Upo pia mfano wa kinyume ambao watafiti wa televisheni huuacha kwa watafiti wa muziki, ingawa ni wa historia hii. Mwishoni mwa miaka ya 1970, watengenezaji wa rekodi za muziki walipotafuta chombo cha kuhifadhia sauti ya dijitali, hakikuwapo chombo chenye uwezo wa kutosha isipokuwa rekoda ya video. Sauti ikageuzwa kuwa madoa meusi na meupe, ikarekodiwa kana kwamba ni picha. Sampuli 3 katika kila msitari, mistari 294 katika kila nusu ya fremu, mara 50 kwa sekunde, ni 44,100. Kwa mfumo wa Marekani na Japani, sampuli 3 mara mistari 245 mara 60 ni 44,100 vilevile. Namba hiyo iliyoingia katika santuri za CD ilitokana na umbo la picha ya televisheni. Hapa sauti haikukaa katika upenyo wa picha. Iliikalia picha nzima.

Picha inageuka

Mwaka 1982 kamati ya kimataifa ya redio, CCIR, ilipitisha pendekezo namba 601 lililoweka msingi wa video ya dijitali ya studio. Mwangaza ulipimwa kwa megahezi 13.5, na kila moja ya tofauti mbili za rangi kwa megahezi 6.75, hivyo kufanya maneno ya dijitali milioni 27 kwa sekunde. Kwa miaka kadhaa maneno hayo yalisafirishwa kwa kebo nene yenye nyaya nyingi na soketi ya pini 25, iliyokuwa ghali na isiyofika mbali. Mabadiliko ya kweli yalikuja pale biti zote zilipopangwa mstari mmoja na kupitishwa katika kebo ya kawaida ya video ya omu 75, ileile iliyokuwa imekwisha kutandikwa kutani na chini ya sakafu za studio. Kwa biti 10 kwa kila neno, kasi ilikuwa megabiti 270 kwa sekunde. Jumuiya ya Wahandisi wa Filamu na Televisheni ya Marekani (SMPTE) iliuweka utaratibu huo katika kiwango chake cha 259M mwaka 1989.

Katika kugeuzwa huko, muda wa marejeo haukufutwa. Video ya dijitali haina mwale wa kurudisha, na kamera mpya hazikuuhitaji, lakini mpangilio wa mistari ulihifadhiwa ili vifaa vya zamani na vipya viweze kuungana. Matokeo yake ni kwamba kila msitari wa mfumo wa 625 una maneno 1,728, na picha huyatumia 1,440 tu. Yakitolewa maneno 8 ya kuonyesha mwisho na mwanzo wa msitari, hubaki maneno 280 yasiyo na kazi. Katika mfumo wa 525 hubaki 268. Wahandisi waliyaita nafasi ya data saidizi. Nafasi iliyokuwa ya lazima kwa mwale wa elektroni ilirithiwa na mfumo usio na mwale, na sauti ikahamia humo kama mpangaji anavyoingia chumba kilichoachwa wazi.

Kiwango cha SMPTE 272M cha mwaka 1994 kilieleza namna ya kuingia. Sauti hukusanywa katika makundi 4 yenye njia 4 kila moja, yaani njia 16 kwa jumla. Kila sampuli ya biti 20 hugawanywa katika maneno 3. Pakiti hufunguliwa kwa maneno 3 ya utambulisho ambayo picha hairuhusiwi kuyatumia, zikafuata namba ya kundi, namba ya mfululizo na idadi ya maneno, na mwishoni neno la kuhakiki. Hesabu inaonyesha ulivyopimwa vizuri mpango huo. Msitari mmoja huhitaji sampuli 3 au 4 kwa kila njia. Njia 4 zenye sampuli 4 ni maneno 48, na kwa maneno 7 ya pakiti huwa 55. Makundi yote 4 hufanya 220, ambayo huingia katika 268 na bado kukabaki nafasi.

Ugumu ulikuwa mahali pengine. Kasi ya upimaji iliyokubaliwa kwa utangazaji ni kilohezi 48. Katika mfumo wa fremu 25 kwa sekunde, unaotumika Ulaya na pia Tanzania, Kenya na Uganda, kila fremu hupata sampuli 1,920 kamili. Katika mfumo wa Amerika ya Kaskazini, ambao tangu kuingia kwa rangi una fremu 29.97 kwa sekunde, kila fremu hupata sampuli 1,601.6, na sampuli haigawanyiki. Suluhisho lilikuwa kuhesabu kwa fremu tano tano: 1,602, kisha 1,601, 1,602, 1,601 na 1,602, jumla 8,008. Fundi anayekata video katikati ya mzunguko huo bila kujali hesabu huzalisha mlio mkali wa kukatika. Wahandisi wa Afrika Mashariki waliepushwa na usumbufu huo kwa uteuzi wa mfumo wa mistari 625 uliofanywa miaka mingi kabla, kwa sababu zisizohusiana kabisa na sauti.

Kadi katika kabati

Inafaa sasa kuutazama mwaka 1994 kutoka ndani ya chumba cha mitambo. Rekoda mpya ya Digital Betacam, iliyotolewa na Sony mwaka 1993, ilitoa picha na sauti katika kebo moja. Lakini kando yake palikuwa na rekoda za Betacam SP na U-matic, meza ya kuchanganyia sauti ya analojia, laini za simu za wachangiaji, na maikrofoni, ambayo kwa maumbile yake hutoa wimbi la umeme linalofanana na wimbi la hewa. Hakuna kituo kilichoweza kubadilisha vyote kwa siku moja. Kwa hiyo watengenezaji kama Leitch, Miranda na Evertz wa Kanada na wenzao wa Ulaya waliuza kadi ndogo za kuchomeka katika fremu ya kabati la inchi 19. Video ya dijitali iliingia kwa soketi ya BNC; sauti ya analojia iliingia kwa nyaya pacha zilizobanwa kwa skrubu; na upande wa pili ilitoka video moja ikiwa na sauti ndani yake.

Ndani ya kadi kulikuwa na kazi tatu, na kila moja iliacha nafasi ya kosa lake.

Kazi ya kwanza ni kupima sauti kwa saa ya video. Kigeuzi cha sauti hakiwezi kujiendea kwa saa yake. Kikiwa na kasi inayotofautiana na ya video hata kwa sehemu ndogo sana, sampuli zitazidi au kupungua, na akiba ya muda ndani ya kadi itafurika au kukauka. Hivyo kilohezi 48 hutolewa katika megahezi 27 za video yenyewe. Hii ina maana kwamba video ikikatika, sauti nayo hukosa saa na kunyamaza. Katika zama za njia mbili, picha ilipopotea mtangazaji aliweza kuendelea kuzungumza na watazamaji na kuwaomba radhi. Upachikaji uliondoa kinga hiyo, na ni ajabu kwamba maandishi ya kusifu mfumo mpya hayakulipa jambo hilo uzito unaostahili.

Kazi ya pili ni kukubaliana juu ya kiwango cha sauti. Katika analojia, kuzidi kiwango huleta mkwaruzo wa polepole. Katika dijitali kuna dari, na kinachogonga dari hukatwa kilele. Umoja wa Utangazaji wa Ulaya (EBU) ulipendekeza kiwango cha kulinganishia kiwe desibeli 18 chini ya dari, na SMPTE ikapendekeza 20. Tofauti ya 2 inaonekana ndogo, lakini misingi ya analojia ilitofautiana pia. Kwa desturi ya Ulaya, kiwango cha kulinganishia kilikuwa 0 dBu, hivyo dari likawa +18 dBu. Kwa desturi ya Marekani kilikuwa +4 dBu, na dari likawa +24. Pengo ni desibeli 6, yaani mara mbili ya volteji. Kadi zilikuwa na swichi ndogo au pini ya kuchagua. Kituo kilichonunua kadi iliyopangwa kwa desturi moja na rekoda iliyopangwa kwa nyingine kilipata sauti dhaifu au sauti iliyokatwa vilele, na mita zikaonyesha kila kitu kiko sawa, kwa kuwa kila mita ilisoma kwa desturi yake.

Kazi ya tatu, ambayo ndiyo nzito kuliko zote, ni wakati. Video itokayo katika mkanda wa analojia huyumba, na hupitishwa katika kisawazishi kinachoishikilia hadi fremu nzima kabla ya kuiachia kwa mpigo wa kituo. Fremu moja ni milisekunde 40. Sauti ya analojia haishikiliwi na mtu. Hupita moja kwa moja katika waya wake. Zikikutana katika kadi ya kupachika, sauti imekwisha kuitangulia picha. Na sauti inayotangulia humkera msikilizaji kuliko inayochelewa, kwa sababu katika maisha hakuna mahali inapotokea: mtu anayepasua kuni ng'ambo ya bonde huonekana akishusha shoka kabla mlio haujafika. Pendekezo la ITU la mwaka 1998 lilitambua tofauti hiyo, likaweka kizingiti cha kugundua kosa kuwa milisekunde 45 sauti inapotangulia na 125 inapochelewa. Kisawazishi kimoja kinakula karibu kizingiti chote cha upande wa kwanza. Viwili vikifuatana vimekipita.

Watetezi wa upachikaji walidai kwamba sauti ikiwa ndani ya picha haiwezi kuachana nayo. Dai hilo ni kweli kuanzia kipachikio na kuendelea, kwa sharti kwamba vifaa vinavyofuata vinalijua jambo hilo. Vingi havikulijua. Visawazishi na meza za kuchanganyia picha za awali zilifuta muda wa marejeo na kuuandika upya, kwa kuwa kwa mtazamo wa wabunifu wake humo hamkuwa na kitu. Sauti ilifutwa pamoja nao. Ili kuepuka hilo, kituo kilichopoa sauti kabla ya kifaa, kikaipitisha pembeni katika kicheleweshaji, kisha kikaipachika tena. Kila mzunguko wa kuchopoa na kupachika ulikuwa fursa mpya ya kukosea muda na namba ya njia. Kwa maneno mengine, kosa la kuunganisha lililokuwa likifanyika kwa vidole katika tundu za ukuta lilihamia katika vitufe vya kupangia, mahali ambapo halionekani kwa macho.

Kufika Afrika Mashariki

Televisheni ilianza Kenya mwaka 1962 na Uganda mwaka 1963. Zanzibar ilianza mapema miaka ya 1970, tena kwa rangi, ilhali Tanzania Bara ilikaa bila televisheni hadi vituo vya binafsi vilipoanza kurusha matangazo mwaka 1994, mwaka uleule wa SMPTE 272M. Sadfa hiyo isitiwe chumvi. Kuanza upya katika mwaka huo hakukuwa na maana ya kuanza katika dijitali, kwani vifaa vilivyopatikana kwa bei nafuu vilikuwa vya analojia.

Mkanganyiko mwingine unaopaswa kuondolewa ni ule wa maana ya kuhamia dijitali. Katika matumizi ya umma maneno hayo yalihusu urushaji: mitambo ya analojia ilizimwa Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, na nchini Kenya mwaka 2015. Hilo lilibadilisha njia kutoka mtambo hadi nyumbani. Halikulazimu chochote ndani ya studio, na kinyume chake studio ya dijitali iliweza kulisha mtambo wa analojia. Isitoshe, katika urushaji wa dijitali sauti haipachikwi katika picha. Husafiri katika pakiti zake, kila pakiti ikiwa na alama ya wakati, na king'amuzi ndicho huzikutanisha. Sauti iliyopachikwa studioni huchopolewa mlangoni mwa kifaa cha kubana kabla haijaondoka. Anayesikia maneno yakitofautiana na midomo katika televisheni yake hawezi, kwa hiyo, kujua kama kosa ni la king'amuzi, la mtambo au la kadi iliyowekwa vibaya katika kabati la kituo.

Kutengana tena

Video ya ubora wa juu, yenye kasi ya gigabiti 1.485 kwa sekunde, iliurithi mpango uleule ikiwa na marekebisho: kiwango cha 299M kilitoa biti 24 kamili kwa kila sampuli na kuiweka sauti katika mkondo wa rangi, mkondo wa mwangaza ukibaki na pakiti za udhibiti. Hapo hapana mengi ya kusema, kwa kuwa nafasi ilikuwa tele na makosa ya awali yalikuwa yamekwisha kufunza.

Mageuzi makubwa zaidi yalikuja pale studio zilipoanza kuacha kebo ya omu 75 na kutumia mitandao ya kompyuta. Mwaka 2012 kiwango cha SMPTE 2022-6 kiliufunga mkondo mzima wa SDI, pamoja na muda wake wa marejeo, ndani ya pakiti za mtandao. Mfululizo wa viwango vya SMPTE 2110, ulioanza kuchapishwa mwaka 2017, ulikataa jambo hilo. Picha hupita peke yake, sauti peke yake na data saidizi peke yake, na kinachoziunganisha ni saa moja ya mtandao inayofuatwa na vifaa vyote. Maneno 280 ya msitari hayasafirishwi tena. Sauti imerudi katika njia yake, kama ilivyokuwa kabla ya 1966, isipokuwa kwamba safari hii njia hiyo haikodishwi kando.

Kadi za kupachika sauti ya analojia hazijatoweka hata hivyo, na zinapotumika sasa ni hasa katika kazi ya kunakili kanda za zamani. Mkanda wa Betacam SP una njia mbili za sauti zilizoandikwa kwa urefu wa mkanda na nyingine mbili zilizoandikwa pamoja na picha. Anayezinakili anapaswa kuamua ni ipi iingie njia ya kwanza na ipi ya tatu, dari liwe +18 au +24, na sauti icheleweshwe kwa milisekunde ngapi ili ilingane na kisawazishi kilichopo. Ikiwa mkanda una maelezo ya mtangazaji katika njia moja na sauti ya tukio lenyewe katika nyingine, na fundi akapachika njia moja pekee, faili litakuwa na nusu ya ushahidi. Rekoda hizo zinachakaa na vipuri vyake ni adimu, na kanda nyingi zitachezwa kwa mara ya mwisho katika kunakiliwa huko. Mtafiti atakayelifungua faili baadaye hataikuta kadi wala swichi yake. Atakachokikuta ni mzungumzaji ambaye maneno yake yanatangulia midomo yake kwa fremu moja au mbili, na hakuna chochote ndani ya faili kitakachomwambia kama alirekodiwa hivyo au alinakiliwa hivyo.